Foo!

Wakati wa Mwingereza, sisi wanawake wa Newala tulichota maji bondeni, tukapanda nayo mlima, mitungi kichwani. Njia yetu ilikatiza uwanja wa gofu wa wazungu wa boma. Uwanja gani ule! Pale penye shimo, wanapopaita "grini" kwa ubichi wa majani, kwetu walitandaza mchanga mtupu, maana maji yako wapi?

Shemeji yangu, karani wa boma, ndiye aliyenifafanulia maneno yao. Kumaliza shimo kwa pigo moja pungufu ya yaliyowekwa ni "badi".

"Na wakipiga kelele 'Foo!', shemeji, maana yake mpira unakuja, mlioko mbele pisheni."

"Tupishe sisi? Na mitungi imejaa?"

Kesho yake tulipofika juu, jasho likitutiririka, Bwana Shauri mwenyewe, mkubwa wa boma, alikuwa amesimama katikati ya njia yetu akilipimia shimo kwa jicho. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti:

"Foo!"

Aliruka pembeni kama swala, fimbo ikamtoka mkononi. Tukapita mstari mzima, shingo zimenyooka, bila kumwaga hata tone.