Siku Bibi Alipolitoa Godoro Sumu

Wiki iliyopita nilinunua godoro. Usinicheke, najua watu hununua magodoro kila siku hapa Iringa na hakuna anayekaa chini kuandika habari zake. Lakini hili lilikuwa la binti yangu wa miaka minne, maana tulikuwa tumeamua sasa atoke kitandani kwetu akalale peke yake. Lilifika nyumbani kwetu Kihesa juu ya bajaji, limefungwa kwenye nailoni inayolia kila ukiigusa. Nikalitandaza chumbani kwake, nikafunga dirisha kwa sababu ya baridi, nikaenda jikoni kukoroga uji. Niliporudi kufungua mlango, harufu ikanipokea.

Unaijua harufu hiyo. Ni kama rangi mbichi ya ukutani, na gundi ya fundi viatu, na kitu kingine kitamukitamu kinachobaki nyuma ya koo. Nilimpigia simu mwenye duka, akanijibu kwa upole kabisa, "Mama, hiyo inaisha yenyewe." Huenda. Ila mimi wakati huo nilikuwa nimesharudi Rujewa, kwenye mashamba ya mpunga ya Usangu, nina miaka saba, na ninaogopa kufa.

Ngoja nikueleze tulivyokuwa tunalala. Kwa Bibi, ambako nililelewa, hakukuwa na godoro la dukani. Tulilalia magunia yaliyoshonwa pamoja na kujazwa majani ya mpunga. Kila baada ya mavuno tuliyakung'uta nje, majani ya zamani yakatoka yamesagika kama ugoro, tukajaza mapya. Siku ya kwanza godoro lilikuwa juu sana hata unahitaji kusukumwa kupanda, na ukijigeuza linaongea. Liliwasha, sikatai, na viroboto walikuwa na haki zao mle ndani. Lakini lilinukia jua. Mpaka leo nikipita penye majani makavu ya mpunga nasikia usingizi.

Bibi alikuwa Mbena, Mlutheri wa kwaya, na riziki yake ilikuwa togwa. Aliiuza kwenye mashine ya kukoboa mpunga, injini ikinguruma tangu asubuhi na vumbi la pumba likitua kwenye nyusi za kila mtu, hata watoto tukaonekana wazee. Mteja akija, Bibi alichota kwa kata, akanywa yeye kwanza funda moja, ndipo akampa. "Nimetoa sumu," alisema. Ndiyo desturi yetu: anayekukaribisha kinywaji huonja mbele yako, ili kama kuna ubaya umwanze yeye. Wateja waliomzoea walimtania kwamba anawapunguzia togwa yao. Hakuacha. Alisema cha kumpa mtu sharti kipite kwanza kwako.

Sasa, godoro la kwanza la dukani kuingia nyumba ile lilikuwa la Babu. Babu alikohoa msimu mzima wa mavuno, akakonda, na baba yangu, aliyekuwa akifanya biashara ya mchele Mbalizi, akaja nalo juu ya basi ili mzee apumzike vizuri. Aliagiza nailoni isitolewe, libaki jipya. Nyumba nzima ikanuka. Nilikuwa nikipeleka maji ya kunywa chumbani kwa Babu nimebana pumzi, naweka kikombe, natoka mbio. Siku ya nne Babu akafariki.

Kwenye msiba jirani yetu alikaa na wanawake wenzake uani, wakimenya viazi, nami nilikuwa karibu nikichezea maganda. Nikamsikia akisema, "Mimi nawaambia, lile godoro jipya ndilo lililomchukua mzee." Wenzake wakaguna. Hakuna aliyebisha. Mtu mzima akisema jambo na watu wazima wengine wakaguna, mtoto anafanyaje? Nililibeba neno lile kama lilivyo.

Ukaja mwaka mwingine, mavuno mengine, na safari hii aliyekohoa nilikuwa mimi. Bibi alisema ni vumbi la majani. Baba akaja kutoka Mbalizi, na juu ya basi, kabla halijasimama vizuri, nikaliona: godoro dogo, la maua ya bluu, ndani ya nailoni.

Baba alishuka akicheka. "Umekuwa mkubwa, mama. Hili lako peke yako!" Watoto wa jirani waliliandama godoro mpaka nyumbani kana kwamba kuna harusi. Na mimi nikatembea nyuma yao. Hesabu ilikuwa wazi. Babu alikohoa, akaletewa godoro, akafa. Mimi ninakohoa, nimeletewa godoro. Kilichonitisha zaidi ni kwamba Baba alijua na alikuwa anacheka.

Harufu ikanithibitishia. Nililala juu yake mara moja tu, macho yakaniwasha na kichwa kikagonga, na kila nailoni ilipolia chini yangu nilidhani linaniita. Baada ya hapo nikawa nateleza hadi sakafuni. Baba alirudi Mbalizi akijua amenifurahisha. Nikaacha kula. Nikagawa vitu vyangu: mpira wangu wa makaratasi nikampa mtoto wa jirani, na utepe wa nywele nikaufunga kwenye shingo ya mbuzi. Cheka tu, siku hizi hata mimi hucheka. Wakati ule nilikuwa naaga.

Bibi aliuona utepe kwenye mbuzi. Akaniita jikoni, akaniweka mbele yake kwenye kigoda, akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua. Sema." Alikuwa anatumia methali kama watu wote wanavyoitumia, ila mimi katika maneno yote yale nilisikia moja tu, kifo, nikapasuka kulia. Nikamwambia sitaki kufa kama Babu, godoro lirudishwe Mbalizi, nitalala kwenye majani na sitakohoa tena, naapa.

"Nani kakwambia godoro linaua?"

Nikamtaja jirani.

Bibi akaongeza kuni ambazo hazikuhitajika. Nilisubiri aseme si kweli, maana hilo tu ndilo nililotaka, lakini hakulisema. Akainuka, akachukua mundu, akaenda chumbani, akaichana nailoni toka juu mpaka chini. "Baba yako ataniuliza mimi," alisema.

Tulilianika godoro juu ya turubai la mpunga, kwenye jua la Usangu ambalo unalijua. Kila nilipogeuza mpunga kwa mguu, tuligeuza na godoro. Bibi alizibua lile dirisha dogo la chumba tulilokuwa tumelisindilia matambara, upepo ukapita. Siku tatu tulifanya hivyo, jioni tunaliingiza, asubuhi linatoka. Ng'ombe wa wafugaji walipopita walilinusa wakageuza shingo, nami nikalihesabu hilo kuwa ushahidi. Harufu ilipungua lakini haikuisha. Ilikaa mle ndani ikinisubiri.

Siku ya nne, mchana kweupe, Bibi alirudi mapema kutoka mashineni. Aliosha miguu. Akavaa kitenge chake cha kanisani, kile ambacho alikivaa kwa ibada na misiba tu, akafunga na kilemba. Nikadhani tunakwenda mahali. Akaingia chumbani, akasimama mbele ya godoro muda mrefu.

"Kaa hapo mlangoni uniangalie," alisema. "Leo natoa sumu."

Akalala chali, mikono juu ya tumbo, akafumba macho.

Sikuwahi kumwona Bibi amelala mchana. Nilikodolea macho kitenge: kilipanda, kikashuka. Kikapanda, kikashuka. Nje mashine ilikuwa inanguruma kwa mbali na kuku mmoja alikuwa anakwaruza ukutani. Kisha kitenge kikatulia. Nikaita, "Bibi." Nikaita tena. Nikaenda nikaweka kiganja mbele ya pua yake na sikuhisi kitu, au labda mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi kwa hofu. Ilikuwa zamu yangu na yeye alikuwa ameiingilia. Nikapiga yowe lililomleta jirani mbio, mwiko wa ugali mkononi.

Bibi akafungua jicho moja. "We mtoto, unaniitia watu kama ng'ombe kaingia mpungani? Sijamaliza." Kisha akamwona jirani. "Na wewe mwenzangu, siku nyingine ukija msibani kwangu, lia tu. Hotuba waachie wachungaji."

Jirani alitazama mwiko wake, akaondoka bila kuaga. Nami nililia na kucheka kwa pamoja hadi kwikwi zikanishika.

Bibi alililalia godoro lile siku saba, mimi nikilala kwenye majani yake. Kila kulipokucha nilikuwa nimeshasimama kando ya kitanda, namsubiri afumbue macho. Siku ya saba alisema, "Haya. Nimekunywa funda langu. Lako hili." Nilililalia mpaka nikaenda sekondari.

Yeye alirudi kwenye majani na hakuyaacha tena. Wajukuu tulipopata kazi tukamnunulia la kwake, alikataa. "Nilishalionja, sikulipenda." Alifariki akiwa mzee sana, juu ya magunia yale, nyumba ikinukia mpunga. Sasa hakuna ajuaye kushona godoro la majani pale nyumbani. Togwa nayo imo kwenye chupa za maji, unaichukua, unaondoka. Anayekuuzia haonji. Ukimwambia atoe sumu atadhani unamtukana.

Kwa hiyo wiki hii nimefanya nilivyofundishwa. Nimechana nailoni. Nimelianika godoro la binti yangu nyuma ya nyumba siku nne, na jua la Kihesa si la Usangu, linatoka likijivuta. Nimefungua dirisha, baridi na iingie. Jana mchana nikaliingiza, nikavua viatu, nikalala chali.

Harufu ilikuwa bado ipo, kidogo. Nikaitazama dari na kitenge kile kikanijia. Miaka yote nilipowasimulia watu kisa hiki nilisema Bibi alivaa hivyo kwa kuliheshimu godoro, tukacheka. Jana, nimelala pale, ndipo nilipoelewa. Yule mwanamke alikuwa ameshamwona mumewe akifia kwenye godoro kama lile. Hakubisha maneno ya jirani kwa sababu hakuwa na hakika. Aliosha miguu, akajivika nguo ambayo angependa akutwe nayo, akalala. Bibi yangu alikuwa anaogopa kuliko mimi.

Binti yangu akatokea mlangoni na mdoli wake. "Mama, nije?"

"Bado, mama," nikamwambia, nikaweka mikono juu ya tumbo. "Subiri hapohapo, uniangalie."