Mstari Uliofutwa katika Ushuhuda wa Mama Sifa

Nakumbuka Jumamosi moja kule Tottenham, mwanangu, miaka ya tisini, tumeketi wasichana wa kwaya katika ukumbi wa kanisa letu la Wakongomani, kila mmoja na kalamu nene nyeusi. Mbele yetu kulikuwa na vijitabu vya ushuhuda, vimetoka kuchapwa, bado vinanuka wino. Mchungaji alitaka tufute mstari mmoja. Mama Sifa, mgonjwa wa sukari, alikuwa ameandika: "Niliomba, na dawa ya hospitali sikuacha." Tufute kuanzia "na dawa".

"Inapunguza imani ya watu," alisema, akaenda zake.

Mimi mbishi tangu tumboni, nikashuku. Mbona katika kijitabu kizima ni dawa tu iliyomkera? Kando yangu aliketi Dada Riziki, naye ana sukari, amekonda hadi pete inamtoka kidoleni. Kwa mafundisho ya mchungaji yuleyule alikuwa ameanza kuruka sindano zake. Na sasa anafuta maneno ambayo yangemwokoa. Niliogopa, nakwambia kweli.

Jumatatu nilimweleza Mama Sifa yote, maana tulifanya usafi pamoja katika maktaba moja mjini. Hakukasirika. Alinipeleka kwenye kabati la kioo, palipokuwa na kitabu cha siku zile mashine za kuchapa zilipokuwa bado ngeni Ulaya. Makasisi wa siku hizo walikuwa wamepaka wino juu ya maneno wasiyoyataka. Lakini wino wao ulikuwa umechujuka ukawa rangi ya chai, na herufi zilizochapwa chini yake zilionekana.

"Bale makasisi bote walikufa, mutoto yangu, na neno ingali iko," alisema. "Lakini Riziki hana miaka mia ya kungojea."

Kwetu, mtu akianzisha wimbo wa ushuhuda na watu wakaupokea, hakuna wa kumkalisha. Jumapili iliyofuata, kanisani, Mama Sifa alianzisha, tukapokea kwa nguvu. Alipofika kwenye dawa, maikrofoni ikazimika. Sikumwona aliyeizima, ila nina wangu niliyemshuku. Mama akapaza sauti: "Dawa sikuacha. Hata leo asubuhi nimejipiga sindano mbele ya kuja hapa."

Riziki akatoka nje. Nilimfuata; alitaka kurudia sindano zake, tukapanda basi la kwenda hospitali. Njiani aliniuliza, "Ni mangapi ingine tulifuta, dada?"

Mwanangu, sikufundishi kumshuku Mungu. Mshuku anayesimama kati yako na ukurasa. Muulize anaogopa nini, na asipojibu, soma mara mbili. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nami naongeza: anayekufichia dawa yako hatazikwa badala yako.

Mungu akupe macho ya kusoma hata palipopakwa wino, na kinywa cha kumsomea mwenzako angali hai.