Aliyebakisha Jumapili Moja

Juzi niliitwa Rumonge, mji wa kando ya ziwa, kufundisha wachungaji vijana, na wakati wa mapumziko nikashuka mpaka ufukweni kunyoosha miguu. Ndagala, dagaa wa ziwa letu, walikuwa wameanikwa mchangani, na wanawake wameinama wanawageuza. Harufu ile ilinishika kifuani. Rafiki yangu, mimi ni mchungaji mtu mzima, nina wajukuu, lakini pale pale nikawa tena mtoto wa kike mwenye Maandiko mapajani.

Siku hizo mchungaji alikuwa baba yangu. Kanisa letu dogo la matofali lilikuwa karibu na ziwa, na nyumba tuliyokaa ilikuwa ya kanisa. Mama alishinda ufukweni na ndagala wake. Mimi nilichota maji, nikatwanga majani ya muhogo ya sombe, na baada ya bugali ya muhogo na maharage yenye mawese baba aliniita barazani. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Njiani alitembea vizuri, ila herufi zilimkimbia. Kwa hiyo mimi nilisoma, yeye akasikiliza, na Jumapili akahubiri niliyomsomea. Nikiruka neno alijua. "Rudi nyuma," alikuwa akisema, "kuna mtu umemwacha njiani."

Jirani yetu alikuwa mvuvi aliyetoka Kongo na mke wake. Alikuja kwenye mafundisho ya ubatizo na mashati yanayonuka samaki, akauliza maswali kuliko wote, na akicheka benchi zima lilicheka. Baba alimpenda. Alikuwa amebakisha Jumapili moja tu abatizwe ziwani pamoja na wenzake. Usiku, akiwa ziwani na wavuvi wenzake, upepo ukapindua mtumbwi wao. Wenzake waliogelea wakatoka, yeye aliletwa ufukweni asubuhi, amefunikwa tanga.

Kabla jua halijapanda, wazee wa kanisa walikuwa kwetu. Hawakukaa.

"Pasteri, mafundisho ni mafundisho," alisema mkubwa wao. "Huyu hakubatizwa. Ukimuzika na nyimbo zetu, kesho nani ataona haja ya kubatizwa?"

Nakuambia ukweli, mzee huyo hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyenifundisha herufi, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Baada yake akaingia mjane. Kitenge kilikuwa kimelowa mpaka magotini. Hakulia. "Pasteri, muniambie tu. Bwana yangu iko wapi sasa? Mutamuzika ao hapana?"

Baba akaomba wampe muda asome. Wazee wakatoka kumngoja kwenye kivuli cha kanisa, na sisi wawili tukabaki barazani. Joto lilikuwa kali, na kila mtu alijua kwamba maiti haingesubiri. Kutoka nyumba ya pili kilio kilipanda, kikashuka, kikapanda tena.

Nikasoma. Nilisoma habari za ubatizo, kisha habari za hukumu, kisha za rehema. "Tena," alisema baba. "Polepole." Mtoto ana akili zake: niliamini kabisa kwamba nikikosea neno moja, yule mtu aliyetuchekesha atatupwa motoni, na itakuwa ni kwa ulimi wangu. Nilifuata kila mstari kwa kidole. Jasho likadondokea ukurasa, nikaogopa hata kulifuta. Baba alikuwa amefumba macho, midomo ikisogea bila sauti. Mwishowe akanigusa bega. "Imetosha, mama. Umesoma vizuri."

Tukatoka, mimi nimemshika mkono. Wazee wakasimama.

"Nimetafuta mahali pa kumfungia mlango, sikupaona," alisema baba. "Nimetafuta pia mahali pa kuapa mbele yenu kwamba amefika, na hapo sina uhakika. Mutu huyu alikuwa anakuja. Nitamuzika kama mutu aliyekuwa anakuja."

Mkubwa wa wazee akatikisa kichwa. "Basi utamuzika peke yako, Pasteri."

Na kweli vijana wa kanisa hawakusogea. Jeneza lilibebwa na wavuvi wenzake, Waislamu wa mtaani kwetu waliovua naye. Walivua viatu, wakaliweka mabegani. Nyimbo tuliimba baba, mama, mjane na mimi. Sauti nne katika uwanja mpana ni ndogo sana, rafiki yangu, na nyuma ya madirisha tulijua tunatazamwa.

Pale kaburini mjane aliuliza tena, "Iko wapi?"

"Sijui, mama," alijibu baba. "Lakini mimi mwenye zambi nimemuhurumia. Mungu hawezi kushindwa na mimi kwa huruma."

Yule mama akakaa chini kwenye udongo, na hapo ndipo alipolia.

Wakubwa wa kanisa walimwondoa baba katika kazi. Tukahamia kijiji cha Kizuka kwa bibi, kwenye michikichi, na mama akaacha ndagala akaanza kukamua mawese. Baba hakusimama tena madhabahuni. Nuru ya macho yake ilipozimika kabisa niliendelea kumsomea, nikakua nikisoma, mpaka alipofariki. Nilipomuuliza kama alijua tutafukuzwa, alisema, "Nilijua tangu walipokataa kukaa."

Leo mimi ndiye mchungaji. Kanisa lile halipo. Ziwa lilipopanda, kuta zilianguka. Lakini kinachonisikitisha zaidi ni kingine. Nikihubiri jambo gumu, watu wananitumia "amina" kwenye simu na kuendelea na safari zao. Hakuna anayekuja asubuhi mlangoni kwangu, macho yamejaa machozi, kunipinga. Wazee wale walituumiza, na nilikaa miaka mingi na hasira juu yao. Ila walikuwa wamesoma, na walichosoma kiliwanyima usingizi. Nimewatafuta watu wa aina ile ufukwe mzima wa ziwa, mpaka mji wa Nyanza-Lac. Ningempata hata mmoja, ningemkaribisha barazani, tugombane mpaka jua litue.