Puto la Mzee Oswald

Siku niliyokwenda Masaka, pembeni mwa Kigali, kuchukua mashine ya Béatha, nilibeba mizani, spana na vibarua wawili. Mimi hununua vyuma chakavu, na mashine iliyokufa kwangu ni uzito tu. Bei ya kilo tulishaelewana kwa simu. Nilitaka kufungua, kupakia na kuondoka kabla mvua haijaharibu barabara.

Oswald, fundi wake, nilimkuta ameketi juu ya gunia, macho mekundu, shati limemganda mgongoni. Ni mtu wa Bukoba. Alikuja Kigali angali kijana, akakabidhiwa mashine hiyo ya kupuliza plastiki enzi za mifuko ya nailoni. Mifuko ilipopigwa marufuku wenzake wakatafuta kazi nyingine, yeye akabaki akiipaka grisi mashine isiyofanya kazi. Mkewe alichoka kungoja, akarudi kwao. Mwenye karakana alifariki, mjane wake Béatha akarithi mashine, na Oswald juu yake.

Béatha ndiye aliyefikiria viriba vya miche, vya plastiki mpya inayooza ardhini. Mahali pa kuviuza palikuwapo, vitalu vya miche vimejaa kila upande. Lakini tangu Jumatatu, kila plastiki hiyo ilipoyeyushwa na kupulizwa iwe puto refu la kukatwa viriba, puto lilipanda kidogo, likalegea, likadondoka juu ya mdomo wa mashine kama uji uliomwagika.

"Bwana Nasiri," Béatha aliniambia, "mwache ajaribu mara moja. Puto likifika kwenye rola za juu, mashine inabaki. Likianguka, chukua."

"Mama, gari nimelikodi."

"Litangoja. Halina mtoto wa kunyonyesha."

Nilikubali kwa sababu nilikuwa nimeutazama uso wa Oswald. Ulikuwa uso wa mtu aliyekwisha kushindwa, nikaona mali yangu haina hatari.

Alikuwa anafungua gunia jingine, dogo, lililowekwa kando. Muuzaji wa plastiki alikuwa amewashauri wachanganye chembe za gunia hilo na zile za bei nafuu. Béatha alidhani ni mbinu ya kumuuzia ghali. Hata mimi ningedhani hivyo.

"Tofauti yake nini?" nikamuuliza Oswald, maana ghali lazima ijieleze.

Alinyoosha mkono dirishani. Nje, jirani alikuwa amelaza mafungu ya miti ya kuegemezea maharage, mengine yamechongwa laini, mengine yana vitawi.

"Ule mti laini ukiuvuta unatoka peke yake," alisema. "Ule wenye vitawi unakuja na fungu zima. Ndani ya plastiki ni hivyo hivyo. Ni nyuzi ndefu, ndogo kuliko unavyoweza kuona. Hii ya bei nafuu nyuzi zake zimenyooka. Ikiyeyuka zinateleza, na puto likianza kuwa jembamba mahali, panazidi kuwa pembamba mpaka panachanika. Zenye matawi zinanasana. Ukizivuta zinakaza."

"Basi weka gunia zima."

"Mashine itakabwa, bwana. Fungu la vitawi matupu nani atalipitisha mlangoni?"

Nailoni ya zamani, alisema, ilikuwa na matawi yake tayari, ndiyo maana haikuwahi kumsumbua. Ikigoma, unaongeza moto. Kwa hiyo wiki nzima alikuwa akiongeza moto. Moto huo ndio uliokuwa ukizikatakata hizi nyuzi na kuzifanya ziteleze zaidi. Unyevu nao vilevile. Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayesoma bei ya chumvi, kisha akazimimina chembe alizokuwa amezikausha, fungu moja lenye matawi kwa mawili yaliyonyooka, akapunguza moto.

Mota ikaanza kukoroma. Mlio mzito, wa mnyama anayepandishwa mlima. Munyaneza, kibarua wangu, akashika spana.

"Boss, hii iko inakufa. Tufungue?"

"Iache," Oswald akasema. "Imeshika kitu."

Uji ukatoka mdomoni mwa mashine, mara hii mnene. Oswald akaufunga ncha, akaupandisha kwa mkono, akaupa hewa. Puto likavimba. Palipokonda pakatetemeka, nami nikainuka, pakakaza. Likapanda taratibu, jeupe kama maziwa yaliyotiwa maji, mpaka likaingia kati ya rola na kutoka upande wa pili likiwa bapa. Béatha alilishika puto lile bapa kwa vidole viwili akalivuta. Halikuchanika. Akaenda kuweka maji ya chai.

Nilidhani Oswald atafurahi. Alitazama juu kidogo tu, akafungua bomba la kunawia mikono.

"Kwa hiyo kesho?" nikamuuliza.

"Kesho ni kazi. Keshokutwa pia." Alijifuta uso na kitambaa cha mafuta. "Ungeichukua, sasa hivi ningekuwa njiani kurudi kwetu Bukoba."

"Ungeniambia, ningepandisha bei kidogo, mama akauza mapema."

"Ungepandisha wewe?"

Niliinua mizani kuirudisha garini. Ni kweli nisingepandisha.

Jioni Béatha alimruhusu akapumzike, akasimamia puto mwenyewe. Oswald akaniuliza kama gari linapita Kabeza, alikopanga chumba. Nikamwambia apande. Alikaa nyuma kabisa, kando ya mizani, akasinzia kabla hatujafika barabara ya lami.

"Boss, huyu mzee tumupime?" Munyaneza akacheka.

"Mfunike na turubai," nikasema. "Mvua inakuja."