Bladi ya Bwana Mhandisi

Siku yangu ya kwanza kazini, pale ofisi ya wilaya Kilwa Masoko, Uhuru ukiwa bado mbichi, Karani Mkuu alinisimamisha mbele ya meza yake akanipa sheria ya ukalimani. "Kijana, mkalimani hana mdomo wake. Ukipunguza neno, wewe mwongo. Ukiongeza, wewe mchochezi." Tumbo likaanza kuniuma hapohapo, na miaka yote ya kazi halikuniachia, isipokuwa siku moja.

Msidhani ukalimani ni kujua Kiingereza tu. Cha darasani nilikijua. Kilichonitoa jasho ni cha mdomoni, hasa neno moja: bladi. Kwa kweli ni tusi, lakini Waingereza waliobaki walilitia kila mahali kama chumvi. Chai ikiwaunguza, bladi. Lori likikwama matopeni njia ya Kivinje, bladi. Likinasuka, bladi tena, na kicheko juu. Nikawa namtazama mtu usoni kwanza. Akicheka, nilitafsiri "jamani". Akinuna, Mungu anisaidie.

Kutoka Masoko nilihamishiwa Lindi, idara ya maji, chini ya Bwana Mhandisi, Mwingereza mrefu mwenye hasira za karibu. Wakati wa ujamaa tukatumwa kuchimba kisima katika kijiji kipya upande wa Mtama. Watu walikuwa wameacha mikorosho yao, wamepangwa kando ya barabara, na maji hakuna. Kina mama waliondoka alfajiri kuchota bondeni. Wachimbaji walikuwa wanakijiji wenyewe, wakiongozwa na Mzee Namwewe, Mmwera mkavu asiyecheka na mgeni.

Siku moja Mzee aliamuru mbao za kuzuia kingo ziondolewe, kwa kuwa zilimbana. Kingo zikaporomoka. Hakuumia mtu, ila kazi yote ilifukiwa. Bwana Mhandisi akamnyooshea kidole mbele ya watu: "Bladifuli!"

Nilimtazama usoni. Hapakuwa na kicheko.

"Amesemaje?" Mzee akauliza.

Nikisema, majembe yatatupwa na kina mama watabaki na bonde lao. Nikificha, nimekuwa mwongo, na kidole kile kila mtu alikiona. Nikasema, "Shikamoo, mzee. Amesema wewe ni mpumbavu uliyelaaniwa."

Mzee Namwewe akaweka jembe chini. Niliona kazi imekwisha, na mimi pamoja nayo.

"Mwambie," akasema taratibu, "mbele ya wanangu hanitukani mtu ila mtani wangu. Basi kuanzia leo ni mtani. Mwambie ana uso mwekundu kama bibo la mkorosho lililooza. Na nikifa aje kunizika, mtani hakwepi msiba."

Nikatafsiri yote, hata bibo. Bwana Mhandisi aliduwaa, kisha akacheka mpaka akakaa kwenye udongo. Mbao zikarudishwa, na kabla ya masika kisima kikatoa maji. Tangu hapo wawili wale walitukanana kila walipokutana, na mimi katikati yao, roho mkononi, nikihofia siku utani utakapomchosha mmoja wao.

Kisha Mzee akafariki. Tulitoka Lindi na lori asubuhi, na njiani nilimsihi Bwana Mhandisi, "Bwana, leo tafadhali, lile neno lisitoke."

Makaburini alichukua jembe akafukia pamoja na watani wengine, shati limelowa jasho. Walipomaliza alisimama akilitazama kaburi. "Bladifuli," akasema, na sauti ikamkatikia.

Kwa mazoea nikafungua kinywa kutafsiri. Mdogo wake marehemu akanishika mkono.

"Acha, ndugu yangu. Hilo tumelisikia wenyewe."

Sasa nimestaafu. Vijana wakiniuliza maana za neno lile, nawaeleza zote nilizokutana nazo, lakini ya siku ile nashindwa. Nawaambia tu kwamba niliifunga midomo yangu, nikasimama makaburini na wenzangu nikalia, na tumbo halikuniuma.