Stesheni ya Makopo Barazani

Grisi ya reli ina harufu yake, si kama ya baiskeli wala ya mashine ya kusaga. Ni nzito, imechanganyika na vumbi la chuma na moshi wa dizeli, na ikishaingia kwenye nguo haitoki hata ukifua kwa jivu. Utotoni mwangu, Manyoni, harufu hiyo ndiyo iliyokuwa baba. Sitanii, maana baba mwenyewe tulikuwa hatumwoni. Alikuwa shanta wa stesheni, yaani mtu wa kupanga mabehewa: anayakata, anayaunga, anayaingiza njia hii na kuyatoa njia ile mpaka treni ikae kwa mpangilio wa safari yake. Kazi ilikuwa ya zamu, na zamu zake ziligombana na maisha yetu. Tukiamka, yeye ndio kwanza amelala; tukirudi shule, ameshatoka. Nyumbani ilibaki ovaroli ya bluu kwenye kamba, inanuka kwa niaba yake, na mama akituonya tunyate. Tulikuwa wanne kwenye kota ya reli ya vyumba viwili na baraza: wazazi, kaka yangu Lazaro na mimi. Ungeniuliza siku zile baba yangu anapenda nini, ningekujibu kwamba anapenda kulala.

Halafu mvua za mwaka mmoja zikaja na hasira. Kwetu hazikuwa mbaya, mtama ulizifurahia tu, lakini huko mbele ya Dodoma mto ulibeba tuta la reli na kuacha vyuma vinaning'inia hewani. Treni zikakoma. Mji mzima ulinung'unika: akina mama waliokuwa wakiuza mayai na karanga kwenye madirisha ya mabehewa walikaa na beseni zao mapajani, na vitunguu vya wafanyabiashara vikaanza kuchipua ndani ya magunia. Nyumbani kwetu tu ndiko kulikokuwa na sherehe, tena ya kimyakimya. Baba alikuwa macho mchana! Tuligundua kwamba anapenda chai ya rangi yenye tangawizi, kwamba akinyoa ndevu huimba, na kwamba goti lake la kushoto hulia akichuchumaa. Mambo ambayo watoto wengine walizaliwa wakiyajua, sisi tuliyaokota mwezi ule kama tunavyookota kumbikumbi.

Mama alikuwa Mgogo wa Kilimatinde, kule juu mlimani penye misheni, na hakuwa mtu wa kubembeleza. Yeye alipanga. Mwaka uliotangulia, mwenzake baba alibanwa kati ya mabehewa mawili, na mama ndiye aliyekwenda kumshika mjane asijiangushe. Tangu siku ile alitaka jambo moja tu: baba aache reli kabla reli haijamwacha yeye. Sasa njia ilipofungwa, ofisi ikatangaza kwamba anayetaka kuondoka kwa hiari yake anaweza, na jibu litolewe siku treni zitakaporudi. Mama aliona Mungu amemfungulia mlango. Kaka yake, mjomba Daudi, alikuwa na ardhi nzuri chini ya kilima, akaahidi kutukatia kipande. Baba akaenda naye kulima, akarudi na malengelenge viganjani, akaenda tena. Alipoulizwa ameamuaje, alisema, "Tutaona." Mama alimjua mumewe, kwake "tutaona" ilikuwa "ndiyo" iliyochelewa kuvaa viatu. Akaanza kutenga mbegu za uwele na alizeti kwenye vibuyu, na usiku, tulipopiga magoti kusali, alituambia tumwombee baba azoee jembe.

Ukweli ni kwamba stesheni ya makopo ilianzishwa na mama mwenyewe. Siku ambazo hakuna kulima, wanaume wa reli walikuwa wameanza kuhamia kilabuni, na mama alipoona baba anavaa viatu saa za alasiri akamzuia mlangoni. "Baba Lazaro, kaa na wanao. Hawakujui hawa." Akakaa. Masikini, hakujua pa kuanzia. Akaniuliza niko darasa la ngapi, nikamwambia, akasema vizuri, ikawa basi. Lazaro, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, ndiye aliyetuokoa: "Baba, hivi kazini huwa unafanya nini hasa?" Baba akajaribu kueleza. Akachora hewani kwa vidole, akajikwaa, akaanza upya, mwisho akakasirika na maneno yenyewe. Akainuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi amebeba mlango mkuukuu uliong'olewa jikoni, akaulaza barazani juu ya matofali. "Nileteeni makopo," akasema.

Tulileta makopo ya samaki, hata ya majirani. Baba alinyoosha waya wa seng'enge kwa nyundo mpaka ukawa reli, akaukaza kwa misumari midogo juu ya mataruma, vile vibao vya kulalia reli, tuliyoyapasua kutoka kwenye fito. Magurudumu tuliyakata kwenye kandambili zilizokatika, naye akayachimbia mfereji kwa wembe ili yakalie waya yasidondoke. Kila behewa lilipewa kulabu ya waya mbele na pete nyuma. Kichwa cha treni kilikuwa kipande cha mti wa mninga, kizito kuliko vyote, kwa sababu, alisema, kichwa chepesi kinadharauliwa na mabehewa. Nilidhani atatandika njia ndefu ya kuzunguka mlango mzima, tukimbize treni. Wapi! Aliweka njia moja fupi, na ubavuni mwake vichochoro vitatu visivyo na pa kutokea, kimoja kinaingia mabehewa matatu, viwili vilivyobaki mawili mawili. Lazaro alinuna na kuuliza treni itakwenda wapi sasa. Baba akamjibu kwamba kwenda ni kazi ya dereva. Yeye kazi yake ni kuhakikisha kinachokwenda kimepangika.

Mchezo ulikuwa hivi. Mabehewa yalikuwa matano: la chumvi, la vitunguu, la alizeti, la mafuta na la ng'ombe. Sisi tunayatawanya kwenye vichochoro tunavyotaka, halafu tunataja mpangilio, na baba anayapanga. Mkono haugusi behewa. Kichwa ndicho kinavuta na kusukuma. La mafuta halikai karibu na kichwa, la ng'ombe halikai nyuma kabisa lisije likatikiswa wanyama wakaanguka. Nafasi ilikuwa finyu kwa makusudi, hata kutoa behewa moja la ndani ilibidi kuyahamisha mengine yote. Lazaro alikuwa dereva, mimi nilishika pointi, yaani kile kipande cha waya kinachogeuzwa kuchagua njia, na baba alisimama pembeni akituongoza kwa mikono kama kazini, bila neno. Mtu yule aliyeshindwa kuniuliza swali la pili kuhusu shule, mikono yake ilisema kila kitu. Polepole. Njoo. Bado. Hapo hapo. Akikosea alicheka mpaka goti lake likalia, akatuita mabosi, akatuomba radhi kwa niaba ya stesheni. Nilimpenda sana baba yangu msimu ule. Sikuwa nimewahi kupata nafasi ya kumpenda hivyo.

Wenzake nao wakaanza kuja. Mzee Salehe, dereva wa treni aliyekaa kota ya pili, Mnyamwezi na kwa hiyo mtani wa mama, alileta kigoda chake kabisa, akakaa hapo akibishana na makopo. Siku moja mama alipita na ungo wa mtama wa kupeta, naye akamwambia, "Mtani, huyu mumeo ukimpeleka shamba atakuwa anashanti maboga." Mama hakukawia. "Nyamaza wewe. Nyinyi mlibeba mizigo ya watu kwa miguu mpaka pwani, ndiyo maana mkiona treni mnatokwa na machozi." Baraza zima likaangua kicheko. Kwenye utani mtu hakasiriki, na ndiyo sababu hakuna aliyemsikiliza Mzee Salehe sawasawa. Alikuwa ameona tusichokiona. Sisi tuliona baba anacheza, na mama aliona baba hayuko kilabuni. Nadhani hata baba mwenyewe hakujua kilichokuwa kinamrudia pale barazani.

Habari zikaja kwamba njia imetengenezwa, na kwamba wanaobaki kazini watahamishiwa Tabora, kwenye stesheni kubwa. Jioni moja kabla ya siku ya majibu, baba alisema mezani, kwa sauti tuliyoisikia wote, kwamba kesho atakwenda kuwaambia anaacha. Mama alimwongezea mboga. Alimwongezea mboga mara mbili, na Lazaro na mimi tukakanyagana miguu chini ya meza kwa furaha.

Asubuhi baba alivaa shati lake la kanisani. Akatoka barazani, akasimama. Juu ya ule mlango wa mchezo palikuwa na mpangilio uliomshinda jana yake, behewa la ng'ombe likiwa limenaswa ndani kabisa ya kichochoro kifupi na la mafuta likiliziba. Akautazama. Akakunja suruali, akachuchumaa, akaniambia, "Debora, pointi." Lazaro akadaka kichwa. Mikono ya baba ikaanza kusema. Akatoa la mafuta, akalificha nyuma ya chumvi, akarudi, akaliacha tena, akafanya jambo ambalo hatujawahi kumwona akilifanya, akatenganisha treni katikati na kuitumia nusu yake kama ukuta. La ng'ombe likatoka taratibu, likajipanga. Pete ya mwisho ilipolia kwenye kulabu tulipiga makofi. Tulipiga makofi na kurukaruka, na baba akasimama katika shati lake jeupe, anahema, ana uso ambao sijauona tena kwa mtu yeyote, uso wa mtu aliyekumbushwa yeye ni nani. Akafuta viganja, akaenda stesheni.

Aliporudi alikuwa amekubali Tabora. Alimweleza mama jikoni, kwa sauti ya chini, na mama hakugombana naye. Alitoka akatukuta barazani, akatutazama sisi na makopo yetu, akauliza kama aliyesikia vibaya, "Na nyinyi mlimpigia makofi?" Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililotufanya tulie. Kisha akaenda kurudisha mbegu za uwele kwenye gunia la kula.

Baba aliishi Tabora miaka yake yote ya kazi iliyobaki, sisi tukabaki na mama. Alikuja likizo, amebeba asali na nguo zisizotutosha, kwa sababu alinunua kwa kukisia. Mama alilima kipande cha Kilimatinde peke yake, na mlango ule aliutumia kufunika banda la kuku. Hakubanwa na behewa, baba. Alistaafu na viungo vyake vyote, nikisema mama alikosea kuhofu sitakuwa nimesema uongo. Najuta hata hivyo. Watu huniambia tulikuwa watoto tu, na kwamba mtu hawezi kumnyima mzazi wake kitu anachokiweza. Najua. Isitoshe, sina uhakika kama shambani angekuwa yule baba wa barazani au angekuwa mtu mwingine mwenye jembe na huzuni. Lakini nilikuwa naye mvua moja nzima, na sikujua kwamba ndiyo yote niliyogawiwa.

Mama alipofariki nilimchukua baba, nikamleta Unyambwa, ambako nina nyumba na mashine ya kukamua alizeti. Nimempa chumba chenye jua la asubuhi. Watoto wangu humwamkia shikamoo, naye huwaitikia kwa upole, na mazungumzo huishia hapo. Nami pia humuuliza amelalaje, akasema vizuri, ikawa basi. Kila asubuhi hutoka chumbani kwake, akafika mlango wa sebule, akasimama, akabisha hodi. Ndani ya nyumba anamolala. Mwanzoni nilicheka, siku hizi siwezi. Husubiri nimjibu, mikono yake mikubwa imeshikana mbele, na mimi husema, "Karibu, baba."