Treni ya Papa Aloys Iliyopata Homa

Miaka ya vita vya pili vya Kongo, alikuwako Bagira, mtaa wa Bukavu, muzee mmoja, Aloys jina lake, aliyekuwa mwendesha treni kule Kindu. Vita vilipomfurusha alitembea na mkewe Martine mpaka Bukavu, akakuta jambo asilolitazamia: mji ambao reli haijaufikia. Jirani zake walizijua mashua za kisiwa cha Idjwi, walizijua ndege za uwanja wa Kavumu, lakini treni waliisikia tu kwa watu. Aloys akiwasimulia kwamba alikuwa akivuta msururu wa mabehewa mrefu kama avenyu nzima, na honi ikilia mto Lualaba unaitika, walicheka mpaka wakashika mbavu. Kinara wao alikuwa Placide, fundi wa redio. Kila asubuhi alimuuliza kama treni imeshafika, ama ingali imekwama kwenye uongo.

Mtu akinyang'anywa nchi hubaki na neno lake. Nalo likichekwa, anabaki na nini? Muzee akaanza kunyamaza, hata mezani. Martine aliona, ikamuuma.

Basi daktari mmoja mgeni, ambaye Martine alikuwa akimfulia nguo, alipofunga virago kwa sababu ya vita, aliwaachia treni yake ya kuchezea pamoja na reli zake na kisanduku cha kuiamrisha. Ndani ya kichwa cha treni mlikuwa na kipande cha umeme, kidogo kama ukucha wa mtoto, na humo ndimo sauti zote zilimolala. Ukibonyeza, treni inapumua, honi inalia, breki zinasaga. Aloys alipoisikia mara ya kwanza aliketi chini. Ilikuwa ile ile, ila imekuwa ndogo.

Akatangaza kwamba dimanche, Jumapili, baada ya misa waje wote, na Placide akae mbele.

Ila sauti ilikuwa ya chini, na Bagira sherehe ambayo haisikiki avenyu ya pili si sherehe. Placide, nusu kwa kejeli, nusu kwa kutaka kujua, akajitolea kuiunganishia bafle, yaani spika, ya redio kubwa. Martine naye hakubaki nyuma. Bukavu hakuna redio inayokaa uchi sebuleni. Kila kitu cha thamani hufumiwa kitambaa chake. Akaifumia treni koti la uzi mweupe, zito, lililoacha magurudumu tu nje, na ndani akaisheheni pamba isiingiwe na vumbi.

Siku ikafika, batri ya gari ikaunganishwa, treni ikatoka. Honi ikalia hata watoto wakaruka nyuma. Ikazunguka, ikalia tena. Mara ya tatu ikafungua mdomo, sauti ikakatika. Magurudumu yakaendelea kuzunguka, kimya.

"Papa Aloys," Placide akasema, "hata hii mudogo imechoka kukusaidia kudanganya."

Watu wakaangua kicheko. Aloys hakuwasikia. Kama kipande kile kimeungua, kingine atakitoa wapi, na daktari hajulikani aliko? Mmoja akataka kuipiga kofi, vile redio hupigwa. Mwingine akataka waongeze batri. Muzee akaweka kiganja juu ya koti: lilikuwa moto kama sufuria ya bugali.

"Muiache," alisema. "Haikufa. Iko na homa."

Kwenye reli, gurudumu likishika moto huendelei kulivuta wala hulipigi nyundo. Unasimama palepale porini, unangoja lipoe, halafu unauliza nani kapakia kupita kiasi. Akaivua treni koti, akachomoa pamba, wakangoja.

Na watu wanaongoja lazima wapewe neno. Aloys akawasimulia vituo, mama waliouza samaki madirishani, abiria waliosinzia treni ikivuka daraja. Safari hii hakuna aliyecheka. Placide alikuwa ameinamia bafle yake, akiilinganisha kwa macho na kile kipande cha umeme, na hatimaye akainua kichwa.

"Kosa ni yangu, muzee. Iliumbwa kulisha mudomo mudogo, mimi nikaipa mudomo ya ng'ombe."

Akarudisha bafle ndogo ya mwanzo, akakata ukanda wa mkebe wa sardini, akaubandika juu ya kipande uvute joto na kulitoa nje. Martine akakunja koti lake, akisema alidhani inasikia baridi kama wao.

Treni ikalia. Polepole, chini kabisa. Ikabidi watu wapige magoti na kuwaziba watoto midomo. Placide alilala kifudifudi, sikio karibu na reli, akaisikiliza mpaka breki.

"Na ile ya kweli, muzee, iko na bafle ya namna gani?"

"Ya kweli haina bafle. Iko na upepo. Utaisikia ndani ya tumbo. Siku njia itafunguka, tutaenda sisi wawili."

Placide alijifuta vumbi la kifuani.

"Basi uniwekee nafasi kwa dirisha," akasema.